Mashine ya Zege Sebuleni

Mama Nati hakuwa na mtoto anayeitwa Nati. Jina alipewa na fundi baiskeli wa kona, siku alipoinama kuokota kitu barabarani na mifuko ya gauni lake ikamwaga nati, boliti na vipande vya waya mbele za watu. Badala ya kuona haya akaanza kuzichambua palepale kwa ukubwa, magari yakimpigia honi. Tangu hapo hata wakwe walimwita hivyo, na mwenyewe alilipenda jina lake. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, asiyejua kutulia. Akipigiwa simu alizunguka nyumba nzima nayo, na mazungumzo yalipokwisha alijikuta uani na kijiko mkononi, hajui amekichukua cha nini.

Mama yake mzazi alikuwa akisema huyu mtoto amekalia siafu tangu siku ya kwanza. Kiwandani, alikofanya kazi ujana wake wote akikereza viungo vya mabomba, msimamizi alimpa mashine mbili kwa mpigo, kwa sababu akiwa na moja tu alipata nafasi ya kuifungua aone ndani kuna nini. Kiwanda kikafungwa. Mashine zikapakiwa kwenye malori zikaenda kusikojulikana, wenzake wakageukia kuuza nguo na mboga, naye akarudi nyumbani na tupa zake, koleo la kupimia unene, na mikono iliyozoea chuma. Mtu wa namna hiyo ukimwambia apumzike, umemtukana.

Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kushindana na injini. Walielewana sana, na wenye midomo yao walisema ni kwa sababu hawakuonana sana: bwana akirudi safari, bibi yuko kazini, bibi akirudi, bwana anakoroma. Ilikuwa ndoa ya kupishana mlangoni, lakini wakipishana walicheka. Kisha sukari ikamshika yule bwana, kidonda kikaingia mguuni, kikagoma kupona, na hospitali wakaukata mguu juu ya goti. Uliobaki nao ulikuwa dhaifu, hauwezi kumsimamisha. Wanaume wanne wakamrudisha nyumbani wamembeba, kila mmoja na pembe yake kama wanahamisha meza, majirani wamejaa kwenye vizingiti vya nyumba zao wakitazama.

Walipomlaza kitandani na watu wakatoka, alimwita mkewe.

"Leo nimebebwa," alisema. "Sibebwi tena. Ule mlango wa mbele nitaupita kwa mikono yangu mwenyewe, au siupiti."

"Utaupita, mzee wangu," Mama Nati alijibu, akaondoka mbiombio kama mtu aliyeacha kitu jikoni.

Kiti cha magurudumu walikuwa nacho, cha kununua. Dereva hakukipanda hata kukifikisha mlangoni. Mama Nati alikijaribu yeye kwanza, akajibwaga, akajitikisa kushoto na kulia, gurudumu la mbele likavunjika. "Hivi ni vyuma au karatasi?" aliuliza, akakitupa uani. Fundi baiskeli alikuja akakitazama, akasema hilo si jambo, akifungie magurudumu ya baiskeli ya mtoto na kesho shemeji atakuwa barabarani. Ushauri mzuri kabisa. Ndiyo sababu haukufuatwa.

"Mume wangu si baiskeli," alisema Mama Nati. "Nitamtengenezea kiti changu. Ekseli nitaikereza mwenyewe."

"Utaikereza kwa nini, Mama Nati? Kwa meno?"

"Nitatengeneza mashine."

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyopotea njia akiwa na akili zake timamu. Ili atengeneze ekseli alihitaji mashine ya kukereza. Ili atengeneze mashine ya kukereza alihitaji keekee iliyosimama wima, ya kutobolea matundu yaliyonyooka. Ili aipate hiyo keekee alihitaji vipande vya alumini vya kushikilia nguzo yake, na alumini haijiyeyushi. Basi akaanzia huko. Alichukua pipa, akalipaka udongo ndani, akaliwekea mkaa chini na mashine ya kukaushia nywele ya kupulizia moto, likawa tanuri. Zikaingia sufuria mbili mbovu. Baada ya mbovu zikaingia nzima. Wifi yake, dada wa Dereva, alipokuja kumtazama kaka yake alikuta chai inachemshwa kwenye kopo la rangi.

"Wifi, sufuria ziko wapi?"

"Zile pale," Mama Nati alisema, akionyesha nguzo ya keekee kwa kidole.

Wifi alitazama nguzo, akatazama kopo, akamtazama kaka yake kitandani. Yule bwana akacheka mpaka kitanda kikalia. Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Mashine yenyewe ilihitaji mwili mzito usiotikisika. Kiwandani mwili huwa chuma kizima, kizito kushinda gari. Mama Nati hakuwa nacho, akaamua kutumia zege. Uani udongo ulikuwa laini, mvua ikinyesha unazama, jikoni hapakutosha. Akamwaga zege sebuleni, kwenye sakafu ngumu, kando ya ukuta, akapachika ndani yake nondo na vyuma viwili vilaini vya mashine kuukuu ya kuchapia, akavilinganisha kwa pima maji na uzi. Sebule ilikuwa chumba chembamba, na ndiyo njia pekee ya kutoka chumbani kwa Dereva kwenda mlango wa mbele. Lakini nafasi ilibaki ya kutosha kabisa. Aliipima, na alikuwa mtu wa kupima kila kitu.

Zege likakauka. Akafunga ekseli ya gari dogo pamoja na beringi zake, akafunga mota ya mashine ya kufulia na mkanda, akawasha. Ikanguruma! Akalia machozi pale pale, peke yake, huku akitembea. Akakereza chuma cha kwanza, akakipima kwa lile koleo lake ncha hii na ncha ile. Ncha hii ilikuwa nene kuliko ncha ile. Akakereza kingine, kosa likawa lile lile. Mwili wa zege ulijipinda ulipokuwa ukikauka, tofauti ya unene wa unywele, nayo mashine ina tabia mbaya: kosa lake inalitia katika kila kinachotoka mikononi mwake. Mtu mwingine angesema unywele si kitu, gurudumu litazunguka tu. Huyu aliona unywele ule kila alipofumba macho.

Akaivalisha mashine koti la zege. Yaani alijenga mbao kuizunguka, akavinyoosha vile vyuma upya, akamwaga zege jingine juu na ubavuni. Kosa likapungua lakini halikwisha, akamwaga koti la pili. Baadaye akaongeza sinia la kukusanyia vumbi la chuma, akaongeza gurudumu la mkono. Kila wiki mashine ilizidi kunyooka, na kila wiki ilizidi kunenepa.

"Mke wangu," Dereva aliita kutoka chumbani, "hiyo mashine umeipa mimba?"

"Bado kidogo tu, mzee wangu. Karibu naanza kiti."

"Bado kidogo ya juzi au bado kidogo ya leo?"

Mkewe alikuwa keshaenda uani, akarudi, akaenda tena. Alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Chai ya mumewe aliileta, akaiweka kwenye kigoda, akaketi ukingoni mwa kitanda, na kabla kikombe hakijafika mdomoni mwa yule bwana alikuwa ameshakumbuka boliti fulani. Nguo iliyofungwa palipokuwa na mguu aliibadilisha kwa upole na kwa haraka, macho yakiwa dirishani.

Wifi aliposhindwa kuvumilia alimshika mkono uani. "Wifi, kaka yangu anaozea ndani. Mtu aliyezoea njia kuu, leo anahesabu mbao za dari! Tuite vijana wamtoe akapunge upepo."

"Muulize mwenyewe."

Wifi akaingia akamwuliza, akatupia na methali, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu; kama angemsikiliza daktari tangu mwanzo yasingemfika.

"Mimi la mkuu nililisikia vizuri sana," Dereva alisema. "Guu limekwenda, masikio yamebaki. Na kubebwa sibebwi."

Safari hii alisema bila kucheka, na wifi akaondoka akiwa amenuna.

Hatimaye kosa la mashine likawa dogo kiasi kwamba hata Mama Nati hakuweza kulipima tena. Akakereza ekseli, akakereza vitovu vya magurudumu, akatoboa, akapiga tupa. Kwa kuwa sebuleni hapakuwa na pa kugeukia, alikiunga kiti chumbani, kipande baada ya kipande, kando ya kitanda, akimpima mumewe mabega, nyonga na urefu wa mkono kama fundi nguo. Alikifanya kipana, kwa sababu mwenyewe alikuwa mpana. Hakukifanya cha kukunja, maana vya kukunja hulegea. Breki hakuiweka bado. Alikuwa na wazo la breki bora, ya kubana magurudumu yote mawili kwa mkono mmoja, ila wazo lenyewe lilikuwa halijakamilika.

Asubuhi moja fundi baiskeli akapiga hodi akihema.

"Shemeji! Maegesho ya malori yanahamishwa leo. Wenzako wote wako pale kona wanafunga mizigo, wanapelekwa nje ya mji. Mchana huu wanaondoka. Wanauliza, yule mtu wetu yuko hai au tulidanganywa?"

Dereva aliinuka kitandani kwa viwiko. Uso wake ulibadilika ukawa uso wa mtu aliyesikia lori lake likiwashwa. Wenzake wale walikuwa wamekuja kumwona mara moja hospitali, na aliwakataza wasije nyumbani. Alitaka wamwone nje, akiwa anaendesha kitu.

"Mke wangu. Kiti kinaenda?"

"Kinaenda! Breki tu ndiyo haijakaa sawa, nipe mpaka..."

"Nisogezee."

Akajivuta, akajitupa ndani ya kiti kwa nguvu za mikono. Kiti hakikulia wala kutikisika. Akasukuma magurudumu kidogo, kikatangulia laini, kikarudi laini. Akamtazama mkewe, macho yamejaa maji. "Umetengeneza gari, mama," alisema. "Si kiti hiki, ni gari."

Akajisukuma mpaka mlango wa chumba, akaupita. Akaingia sebuleni, akaenda kama hatua mbili, na magurudumu yakagota. Upande mmoja ukuta, upande wa pili mashine. Akarudi nyuma, akajaribu kimshazari. Yakagota tena.

Mama Nati alipiga magoti, akaweka kiganja kati ya gurudumu na zege. Akafungua sinia akalitupa. Akafungua gurudumu la mkono. Akashusha mota. Mikono yake ilikwenda mbio kuliko macho ya fundi baiskeli aliyesimama mlangoni. Bado vilipungua vidole vinne. Nafasi aliyoipima ilikuwa ya mashine ya mwanzo, na mashine ya mwanzo ilikuwa imelala ndani ya makoti yake mawili ya zege.

"Tukipitishe kiti juu," fundi baiskeli alisema taratibu, "na sisi tumshike shemeji, hatua tatu tu, tumweke upande huu..."

"Kubebwa hatua tatu na kubebwa safari nzima ni kubebwa," Dereva alisema.

"Nitakipunguza!" Mama Nati alisimama, akaanza kupapasa mifuko. "Nafungua ekseli, naikata, naikereza upya, vitovu navisogeza ndani. Na breki naiweka hapohapo. Siku chache tu, mzee wangu. Fundi, niazime msumeno wako. Au nianze na..."

"Kaa chini," alisema mumewe.

"Siwezi kukaa, kuna kazi."

"Nimesema kaa." Hakupaza sauti. "Wewe unafikiri sijui? Siku walipofungua bendeji ya mguu huu mbele yako, ulikwenda kununua saruji. Kila siku nasikia nyundo, nasikia tupa, nasikia mota. Najua kila boliti ya nyumba hii. Wewe hujaniuliza hata siku moja kama bado nausikia mguu ambao haupo. Nausikia, mama. Unaniwasha. Nilitaka kukwambia, kila nikifungua mdomo umeshatoka."

Fundi baiskeli aligeuka akatazama barabara.

Mama Nati alibaki amesimama na spana mkononi. Alikuwa na majibu mengi, na yote yalihusu kiti. Alitaka kusema kwamba alifanya yote hayo kwa ajili yake, na ilikuwa kweli. Kweli nyingine ilikuwa kwamba aliogopa. Aliogopa ile nguo iliyofungwa palipokuwa na mguu, aliogopa chumba kile kimya chenye watu wawili ambao maisha yao yote walikuwa wakipishana, na mashine ikinguruma hofu ilikuwa haisikiki.

"Naogopa," alisema.

"Mimi je?" alisema mumewe.

Kule kona lori moja likapiga honi. Dereva aliifahamu honi ile, akamtaja mwenye lori kwa jina la utani.

Mama Nati akaiweka spana chini. Akachukua chaki, akapiga magoti kando ya mashine, akapapasa ubavu wake mpaka akapata mstari ambapo koti la nje lilikutana na la ndani. Zege jipya halishikani na la zamani kama linavyoshikana lenyewe kwa lenyewe. Alilijua hilo alipomwaga, ndiyo maana alitia nondo. Na alijua jingine: koti likibanduka, vyuma vitarudi kwenye mpindo wao, na mashine haitafaa tena hata kwa kukereza mwiko. Akachora msalaba mmoja wa chaki, akasogea mbele kidogo, akachora wa pili, kisha wa tatu.

"Piga hapo," alimwambia fundi baiskeli, akionyesha nyundo kubwa iliyosimama pembeni.

"Lete hapa," alisema Dereva. "Mlango nimesema nitaupita kwa mikono yangu."

Pigo la kwanza lilimrudisha nyuma yeye na kiti chake mpaka kizingiti cha chumba, maana kiti hakikuwa na breki. Fundi baiskeli alitaka kukishika. Mama Nati akamtangulia. Akaketi sakafuni nyuma ya kiti, miguu ameinyoosha, mgongo ameukandamiza kwenye fremu, na kila bega gurudumu lake. Akawa yeye ndiye breki. Kutoka pale hakuona kitu. Alisikia pumzi za mumewe zikipanda, nyundo ikishuka, kiti kikimsukuma mgongoni, na zege lake likipasuka. Kila pigo mwili wake wote ulitaka kuinuka ukatazame kama anapiga penyewe. Hakuinuka. Vumbi lilimwingia puani, akapiga chafya, akabaki.

Koti la nje lilianguka kwa vipande vikubwa, likaacha nondo zimechomoza kama mbavu. Fundi baiskeli akazikata. Dereva akaweka nyundo chini, akapangusa uso, akasukuma magurudumu. Ekseli ikakwaruza zege upande mmoja, ikapita. Akaufikia mlango wa mbele, akajivuta nao kwa mikono miwili akakiruka kizingiti, akawa nje kwenye jua.

Mama Nati alinyanyuka kumfuata. Mumewe akageuza shingo.

"Hapana," alisema. "Hapa niache."

Akaenda peke yake, akiyabana magurudumu kwa viganja pale njia inapoteremka. Mke alisimama mlangoni. Kutoka kona zikaja honi, kwanza moja, kisha mbili, kisha zote kwa pamoja, na kelele za wanaume wazima wakipiga makofi. Alisikia sauti ya mumewe juu ya zote, ile sauti ya kushindana na injini. Fundi baiskeli akauliza kama asaidie kuzoa kifusi, naye akasema asante, kiache.

Dereva alirudi jua likiwa limeanza kulegea, na malori yalikuwa yameshaondoka. Viganja vyake vilikuwa vyeusi, ngozi imechubuka mpaka nyama. Alipita kando ya kifusi, akajipenyeza kwenye nafasi yake, akasimama katikati ya sebule.

"Linavuta kushoto," alisema. "Gurudumu la kulia, naona. Kidogo tu."

Mama Nati akaitazama mashine. Vyuma vyake viwili vilikuwa vimekaa mshazari, hata asiye fundi angeona. "Cha kulinyooshea umekivunja wewe," alisema.

"Basi litavuta. Malori yote niliyoendesha yalikuwa na upande wake. Unalizoea kwa mikono."

Alifungua viganja akavitazama kama vya mtu mwingine. Mama Nati alikwenda jikoni, akachemsha maji kwenye kopo la rangi, akayamimina kwenye beseni. Akarudi, akaketi sakafuni mbele ya kiti, akavuta mkono wa kwanza majini.

"Unawasha wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Mguu. Ule usiokuwepo."

Yule bwana alianza kumweleza. Ilikuwa habari ndefu, iliyoanzia hospitali, na mara nyingine alikatisha akacheka, na mara nyingine alikatisha tu. Mama Nati alimwosha mkono mmoja, akamwosha wa pili, na maji yalipopoa alikuwa bado amekaa.